Tone Lisilopungua

Mujukuu wangu Salima,

Sote hapa Kindu tuko na uzima. Mama yako amepona malaria, na muchele wa Kibombo umefika. Unaniuliza: katika utafiti wako wa chuo kikuu, jibu moja likipingana na mengine yote, ulitupe?

Wakati wa Zaïre nilikuwa mwanamuke kijana, nafanya kazi katika labo, maabara ya profesa aliyekuja hapa kuchunguza namna aspirini inachelewesha damu kuganda. Tulichoma watu ncha ya sikio kwa sindano, tukagusisha karatasi kwenye damu mara kwa mara. Tone la kwanza kubwa, la pili dogo, mpaka karatasi inabaki nyeupe. Kwa aliyemeza aspirini, damu ilikawia kidogo kukauka.

Muchana mumoja profesa alikaa kitini mwenyewe, awe mufano wa muntu asiyemeza dawa. Nilimuchoma. Alikuwa anafundisha wanafunzi huku nikigusisha. Matone yalifuatana, yote sawasawa. Wanafunzi waliacha kuandika mumoja mumoja, mpaka ikabaki sauti yake tu, na ile damu isiyo na haraka.

Nikamunong'oneza, kwa jina la heshima la wakati ule: "Citoyen Profesa, tutupe hii, tuchome mwingine?"

Aliangalia karatasi sana. "Hapana, mama. Iweke pamoja na zingine. Hiyo ndiyo inasema na mimi."

Tulimufunga sikio na pamba. Pamba nayo ikawa nyekundu. Alipanda treni ya Lubumbashi kwenda kutibiwa, hakurudi.

Mpaka leo, mafuta ya mawese yakidondokea karatasi, nasimama kwanza, nione kama tone la pili litakuwa dogo.

Koko yako