Wifi Kaniita Fundi wa Magunia

Mwenzangu uko? Nimepandwa na hasira hapa.

Wifi yangu kaipiga picha ile blauzi niliyomshonea, kaitupia kwenye kundi letu la mtandaoni la mafundi cherehani. Kaandika: "Njooni mcheke, fundi wa magunia huyu!"

MAGUNIA! Kola ile niliifumua mara tatu!

Hajui kama nimo. Kule natumia jina la Bibi Uzi.

Nikataka kumtukana yeye na ukoo wake, nikakumbuka ukoo wake ndio wa mume wangu.

Kabla sijaandika neno, watu nisiowajua wakaanza. "Kola imelala hivyo halafu mnacheka? Fundi apewe maua yake!" Mwingine: "Maua gani, mpeni shamba zima!" Mmoja akamuuliza, "Na wewe dada, umeshona nini?"

Nililia, mwenzangu. Watu hata sura yangu hawaijui.

Lakini kulia si kusamehe. Nikaandika: "Asanteni wapendwa. Fundi wa magunia ni mimi, na huyo ni wifi yangu."

Dakika haikuisha, kanipigia. "Wifi jamani, nilikuwa natania tu!"

Natania!

Nikamwambia, "Basi rudi kundini, uniombe radhi mbele ya wale wale. La sivyo Jumamosi utaolewa umevaa gauni lisilo na mikono, maana bado sijaishona."

Sasa namwona anaandika. Anaacha. Anaandika tena.

Mama mkwe naye anapiga, sipokei. Nimefunika cherehani, nakunywa chai. Sina haraka. Mwenye harusi ni yeye.