Msumari Juu ya Mlango

Maungu,
11 Februari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi ni mzima, ila kiuno. Je, wewe? Lile goti limepoa? Naandika kwa sababu kwenye simu hunisikii, na kupiga kelele mbele ya madereva wa malori wanaongoja nizibe pancha siwezi. Barua atakuletea Hillary wa pikapu ya nyanya.

Baba, nataka kutengeneza upinde. Najua umeguna hapo ulipo. Miaka ishirini na mbili iliyopita niliutoa wako kwenye msumari juu ya mlango, nikautupa kwenye moto wa krusedi ya injili, mhubiri akituambia vitu vya wazee ni vya shetani. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nimeokoka wiki moja. Hukusema neno siku hiyo, wala siku nyingine.

Tangu tumzike Mama nimefika Rukanga mara moja tu, na wala si mbali. Ule msumari mtupu ndio unaonizuia. Nataka nitundike kitu pale nawe ungali hai. Nifundishe, tafadhali. Na uniambie kama ulinisamehe.

Mwanao,
Sylus

Rukanga,
20 Februari 2024

Kwa Sylus,

Barua imefika. Goti ni lile lile. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja amekufa.

Tafuta mti wa mkole uliosimama wima, usio na fundo, unene kama mkono wako hapo unapovaa saa. Urefu ukufike kidevuni. Uchubue ganda, upake mafuta ncha zote mbili, uulaze kivulini miezi mitatu. Kivulini, Sylus. Wewe hukuweza kungoja hata viazi viive, mama yako alikuwa anakufukuza jikoni na mwiko.

Msalimie mke wako Valentine na watoto.

Baba yako,
Thadeus

Maungu,
2 Aprili 2024

Kwa Baba,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Hapa joto limetumaliza, na maji ya bomba tuliyaona mara ya mwisho wiki jana.

Mti umepasuka kutoka ncha hadi katikati. Niliuweka juu ya mabati ya kibanda changu cha matairi. Nilidhani jua la Maungu litafanya kwa wiki tatu kazi ya miezi mitatu. Cheka tu, Valentine ameshacheka.

Lile swali langu hukulijibu. Labda lilikupita.

Mwanao,
Sylus

Rukanga,
15 Aprili 2024

Kwa Sylus,

Sisi hatujambo. Mvua imeanza, mahindi nimepanda kidogo, kadiri ya nguvu.

Halikunipita.

Kata mikole miwili safari hii, maana nakujua. Iweke chini ya kitanda chako, ukilala juu yake hutaitoa. Ikikauka, tazama vizuri. Upande uliokuwa nje ya mti ndio mgongo wa upinde. Huo utatazama mbele na hauguswi na kisu wala tupa, hata ukiwa na uvimbe. Unapunguza tumbo tu, upande unaokutazama wewe. Katikati pa kushikia paache panene. Toa kidogo, kunja kidogo, angalia kama pande mbili zinapinda sawa. Ukichoka, acha. Mtu aliyechoka hukata sana.

Haya nimeyaandika kwa siku mbili. Mkono haufiki mbali siku hizi.

Baba yako,
Thadeus

Maungu,
11 Agosti 2024

Kwa Baba,

Pole na kazi, na pole na baridi ya huko mlimani. Watoto wamefunga shule, wanakusalimu.

Upinde wa kwanza umevunjika. Nilikuwa nimefika mbali nao. Sasa unajua mimi kila siku kabla ya kubandika kiraka ni lazima nikwangue tyubu kwa tupa ndiyo gundi ishike. Niliona uvimbe mdogo mgongoni, na kabla sijakumbuka maneno yako tupa ilikuwa imeshapita. Mkono ulienda wenyewe. Nilipouvuta ulikatika palepale, kipande kikanipiga sikioni. Valentine alicheka, kisha akaniona uso akaanza kuokota vipande.

Umebaki mti mmoja.

Nimechoka, Baba. Nimechoka na matairi, na vumbi la malori, na kuuliza jambo moja tangu mwezi wa pili nikajibiwa habari za mti. Kama hukunisamehe, sema tu, nitajua. Huu uliobaki nitaufanya kuni.

Mwanao,
Sylus

Maungu,
29 Septemba 2024

Kwa Baba,

U hali gani? Hujaandika. Hillary anasema alikukuta umelala mchana, unakohoa, na ukampokea barua bila kuifungua. Ningekuja, lakini niliona nisije mikono mitupu.

Sikuufanya kuni. Nimeukwangua Jumapili saba kwa kipande cha chupa, tumbo tu, mgongo sijaugusa. Nimeupaka mafuta ya mbuzi. Kamba ni uzi nilioutoa kwenye tairi la lori, usinicheke. Nimeifungua ili upinde uonekane fimbo, walinzi wa wanyama wasimsumbue Hillary njiani akikuletea, wakidhani ni mwindaji.

Si mzuri kama wako. Sitakuuliza tena lile swali. Utundike au uutie motoni, ni haki yako.

Mwanao,
Sylus

Rukanga,
9 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Sylus,

Kifua kimepoa kidogo, uji unapita. Sikujibu kwa sababu nilikuwa chini, na tena sikujua nianzie wapi.

Siku ile ya moto nilikuwepo. Nilikufuata kutoka nyumbani, nikasimama nyuma ya watu karibu na jenereta. Nilikuja kukunyang'anya. Halafu nikauona uso wako. Ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kukuona nayo, nikasema acha, mti nitakata mwingine. Nikarudi nyumbani kabla yako. Kwa hiyo kinyongo sina, na siku ile pia sikuwa nacho.

Lakini mwingine sikukata. Nilingoja uniombe nikufundishe, kama mimi nilivyomwomba baba yangu. Kuanza mimi niliona haya. Ukaoa, ukahamia huko, nami bado nangoja. Ulipoandika mwezi wa pili nikaogopa nikikujibu lile swali utaridhika, barua ziishe. Ndiyo sababu nilikuandikia habari za mti. Nisamehe wewe kwa hilo.

Upinde ulifika salama. Nilijaribu kuutia kamba, mikono imekataa, nimeutundika hivyo hivyo. Nimeupapasa: upande mmoja bado mnene, ukivutwa utaenda mrama. Njoo na tupa yako, nikuonyeshe pa kutoa. Huu uzi wako wa tairi nimeuweka kando, kamba nitakusokotea.

Jumamosi Hillary anarudi huku bila mzigo. Nimemwambia akuwekee kiti cha mbele. Barua hii usiijibu.

Baba yako,
Thadeus