Nilimwambia Bibi Mkono Wake Haujapona

Mama Alzira mpendwa, naomba unisaidie, maana wiki ya tatu sasa nabeba uongo niliomwambia mgonjwa wangu. Kazi yangu hapa Palma ni kuwasaidia wazee waliopatwa na kiharusi wajifunze upya kula, kuvaa na kuoga wenyewe, na mmoja wao ni Bibi Mariamo, aliyekimbia vita kutoka kijijini kwake Quiterajo akaja kukaa kwa mwanawe Abdulcarimo, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa kabisa. Niliposikia kwamba zamani alikuwa akisuka mikeka nikamletea miyaa ya kusukia, tukaanza na vidole viwili, miezi saba, siku nyingine analia na mimi nalia, mpaka akamaliza ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka, wa urefu wa pima nzima, akanishika shavu kwa mkono uleule, akasema, "Mwanangu, sasa narudi kwangu, nikalizuru kaburi la mume wangu." Basi Abdulcarimo akanifuata nje akanisihi, "Dada Célia, kule atakufa peke yake. Mwambie mkono haujapona, wewe anakuamini," nami kwa huruma nikarudi ndani nikasema, "Bibi, mkono bado, na huenda usipone."  Bibi akaiweka miyaa chini, na tangu hapo hafanyi zoezi lolote, analishwa na mke wa mwanawe, na juzi nilipomshika vidole nikakuta vimeanza kujikunja tena. Abdulcarimo ananishukuru kila tukionana. Nikisema kweli sasa, si nitampoteza bibi, na kazi pia?

Célia, Palma

Célia, pole. Najua hukusema kwa ubaya. Lakini usijidanganye kwamba ulimlinda. Vita vilimtoa kwake, kiharusi kikamchukulia mkono, na wewe uliyemrudishia mkono huo ukamnyang'anya tena kwa neno moja. Abdulcarimo ana haki ya kuogopa, na kwa yaliyotupata mkoani hapa nani asiyeogopa? Ila hofu yake aitoe kwa kinywa chake: "Mama, naogopa kukupoteza." Hajawahi kumwambia hivyo, kwa sababu wewe ulikubali kumsemea uongo.

Kesho asubuhi, kabla hujamgusa mgonjwa mwingine, mweleze mkuu wako wa kazi. Akikuadhibu, pokea. Kisha nenda kwa Bibi Mariamo, mwanawe akiwepo, kaa mkekani mbele yake useme, "Bibi, nilikudanganya. Mkono wako ulikuwa unapona." Nyamaza hapo. Usimtaje Abdulcarimo, atajitaja mwenyewe akiwa mwanamume. Bibi akikufukuza, toka, na siku hiyohiyo mwenzako ashike mazoezi, maana vidole vile havingoji mpatane. Habari za njia na za kijiji waulizwe watu waliotoka huko karibuni, naye asikie yote, mazuri na mabaya, halafu aamue. Kiharusi kilimpiga mkono, akili yake ni nzima.

Unaniuliza kama utampoteza. Huenda. Nenda hivyo hivyo.

Mama Alzira