Chambo Kisichokuwemo Sandukuni

Corinne, simu yako haipatikani. ~~Usimwambie baba yako mdogo Wendell.~~ Mpigie Wendell sasa hivi, aje na mtumbwi nyuma ya kisiwa. Waokoaji nimewapigia, wako mbali.

Baba yako kaenda mtoni peke yake kuvua samaki aina ya besi. Asubuhi nilimwambia kwamba tangu apate kiharusi, mguu wake haumudu mkondo. Akacheka: "Siku hizi hata samaki ni kwa kibali chako, mwalimu?" Nikamjibu: "Ndiyo." Sikupaswa kujibu hivyo.

Nimekagua sanduku lake. Chubwi nzito za kuzamisha ndoano na chambo cha kuburura kwenye mawe vimo vyote. Kachukua chambo cha vyura bandia vinavyoelea. Vyura hivyo hurushwa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, na leo maji hayo yako ng'ambo tu, nyuma ya kisiwa. Yeye huvuka kwa miguu. Saa moja kipimo cha maji cha darajani kilikuwa futi mbili. Sasa ni saa nne, kimefika futi nne na nusu. Jaketi lake la kujiokolea nimelikuta limetundikwa hapa mlangoni.

Nimelichukua, pamoja na kamba ndefu. Mbwa hajala.

Akifika nyumbani kabla yangu, nenda darajani upige honi mara tatu, nitasikia. Na mwambie kibali nimetoa.

Mama