Karamu Ilipogeuka Kalamu

Jumamosi mchana. Mawingu yamelala juu ya ziwa na hayataki kunyesha. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena.

Kuanzia Nyakato hadi Nyegezi hakuna anayeijua kompyuta kama mimi. Ikigoma, wenye vyeti huipigapiga ubavuni. Mimi nikiingia tu mlangoni inawaka yenyewe kwa heshima. Niliishia kidato cha pili, ndiyo. Walimu waliishiwa cha kunifundisha.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: dada yangu Kulwa ana ofisi ya kuchapa barua hapa Nyakato, na ndiye msimamizi wa programu yetu ya kusahihisha Kiswahili. Ni ya bure na iko wazi, yeyote anaweza kuifungua, akaona ilivyoandikwa, akairekebisha. Tuko saba, Mwanza, Dar na Nairobi, tunatumiana marekebisho kwa barua pepe, simu ikikubali. Toleo jipya likikaribia, Kulwa analifunga. Hapo hakuna kugusa tena, ni kujaribu tu.

Alilifunga Ijumaa ya wiki iliyopita. Jumatatu nikaona kosa.

Sisi wa huku l na r zinatuchanganya, tusidanganyane. Mtu akiandika "kurara", programu inamwekea "kurarua". Maskini alitaka kulala tu.

"Shija, liandike kwenye daftari la makosa," dada akasema. "Litaingia toleo lijalo."

"Da' Kulwa, ni mistari minne tu."

"Hata mmoja. Kosa hilo tunalijua. Lako jipya nani analijua?"

Toleo lijalo ni baada ya miezi mitatu. Wenzetu wa Dar wanahofia kompyuta zitagoma mwaka 2000. Mimi nilikuwa naona Mwanza nzima inararua miezi mitatu. Nilishindwa kutulia.

Jumatano alipokwenda sokoni kununua dagaa, nikaingiza mistari yangu minne. Ukikuta r, na lipo neno kama hilo lenye l, weka l. Nikajaribu kurara, kurima, kurewa. Zote safi. Nikafunga kila kitu kama sikuwahi kukaa pale.

Alhamisi disketi za toleo jipya zikapanda meli ya Bukoba.

Leo asubuhi simu ikalia, Kulwa akapokea. Ni mama mmoja mpiga chapa wa huko Bukoba, sauti yake ilinifikia mpaka kwenye kiti changu.

"Binti, kadi zimeshagawiwa. Nimealika watu kwenye kalamu ya harusi. Na barua ya mshenga inasema mahali ni ng'ombe. Ng'ombe ni mahali gani?"

Karamu, kalamu. Mahari, mahali. Maneno yote mawili yapo, na mistari yangu ikayachagulia l bila kuuliza mtu.

Nakiri, nilicheka kwanza.

Kulwa hakucheka. Aliomba radhi mpaka simu ikakatwa upande wa pili, akalifungua toleo upya, akatafuta. Mistari minne, haina jina la aliyeiandika. Sikuiwekea. Akaifuta, kisha akaandika barua kwa wenzetu wote. Nimeisoma alipotoka kwenda kutafuta disketi nyingine. Anasema toleo lirudishwe, kosa ni lake, hakujaribu vizuri, na kama wanaona usimamizi umemshinda wamchague mwingine.

Barua bado imo kwenye mashine, inangoja laini ya simu ndipo iende. Laini imekufa tangu saa sita, na nikisikia kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu kinakoroma tu, nasimama.

Mnaweza kusema kosa ni ile mistari minne. Hapana. Mistari inafutika, hata fundi bora hukosea, na mimi ni bora.

Alhamisi, kabla hajanakili disketi, alisimama pale mlangoni na boksi mkononi. Angeweza kuijaribu programu upya, ni kazi ya nusu saa. Akaniuliza kwanza mimi, "Shija, kuna kitu kimeguswa?"

Nikasema hakuna. Akaniamini.