Njia ya Bonbon Maji Yakipwa

Jumatatu, 6 Machi 2006
Basi limechelewa tena. Nimefika kazini Lanham, hapa Marekani, vidole vimekufa ganzi. Bibi Remy, mzee ninayemtunza, amekwisha kuamka, anasubiri nimchane nywele kwa mafuta ya nazi. Hataki mwingine. Nikichana, yeye ananitembeza kwao kwa maneno: Romblon, visiwa vya Ufilipino ambavyo hata Wafilipino wenzake wa kanisani wanavipita tu wakienda kwingine. Leo tumepanda ngazi hadi ngome ya Wahispania, juu ya mji. Nimemwambia nimechoka njiani, anibebe. Amecheka hadi meno ya bandia yakacheza.

Jumatano, 8 Machi
Leo marumaru. Kwao milima ni marumaru. Mafundi wanachonga kando ya barabara, vumbi hadi kwenye kope, na hata maskini ana kizingiti cha marumaru. Nikasema anatia chumvi. Akanionyesha kwa midomo kinu kidogo cha marumaru cha jikoni, kile tunachotwangia kitunguu saumu. Alikuja nacho Marekani kimeviringishwa kwenye blanketi. Kuonyesha kwa midomo, mama yangu kabisa. Nampenda huyu bibi, basi.

Jumamosi, 11 Machi
Cora, bintiye, amekata tiketi. Wanakwenda Ufilipino kwa Pasaka. Manila, halafu hoteli ya Boracay, wanakokwenda watalii wote. Romblon ni jirani tu, lakini hawafiki. Meli, mawimbi, mama mzee. Cora amemuuliza mbele yangu kama angependa kufika kwao. Bibi akasema hapana, msijisumbue. Cora akambusu, akaenda zake kazini hospitali.
Nimekasirika hadi chai imenishinda. Kamuuliza mara moja tu! Mtu mzima gani anakubali mara ya kwanza? Lakini Cora amekulia hapa. Hapa ukisema hapana wanakuamini.

Jumapili, 12 Machi
Nimempigia mama, Tanga. Goti linamsumbua. Nimeuliza, nije? Usijisumbue mwanangu, nauli ghali, mimi mzima. Haya. Kadi ya simu ikaisha.
Nimemsimulia Wanjiru, Mkenya ninayeishi naye hapa Hyattsville, habari za Bibi. Kasema: "Wewe nyamaza tu. Huyo shosh akifika kwao harudi, na job yako imeenda. Rent utalipa na nini?" Ana maneno makali Wanjiru, lakini ni kweli. Boracay ni wiki mbili, kisha Bibi anarudi kwangu. Akitia mguu Romblon hatoki.

Jumanne, 14 Machi
Bibi hakunitembeza popote. Nimeona vibaya, nikamwomba anipeleke Bonbon, pwani anayoitaja kila mara.
Ni ulimi wa mchanga. Maji yakipwa unatokeza, unatembea katikati ya bahari hadi kisiwa kidogo. Alivuka hapo na marehemu mumewe kabla hawajaoana, viatu mkononi. Wakapiga soga, maji yakajaa, wakakwama ng'ambo hadi yalipopwa tena. Mji mzima ukajua. Ndipo wakaozwa haraka.
Amesimulia macho yakiwa dirishani, kwenye maegesho ya magari. Nimeenda kulia bafuni. Sitaki aende. Nataka aende.

Alhamisi, 16 Machi
Nimesema. Cora alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu. Nimemwambia muulize tena, akikataa muulize tena. Kwetu ukimkaribisha mtu chakula atasema ameshiba huku tumbo linanguruma. Mama yako ni hivyo hivyo. Cora amenitazama kana kwamba nimemtukana. Kisha akaenda kumuuliza.
Mara ya pili Bibi akasema atawachosha watu. Mara ya tatu akainua nyusi tu. Kwao hilo ni jibu la kukubali, nimelizoea nikimkaribisha uji kila asubuhi. Cora akakaa chini, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake. Mimi nikaenda jikoni kutwanga kitunguu saumu ambacho hakuna aliyekihitaji.
Wanjiru kaniita mjinga. Sawa.

Jumamosi, 8 Aprili
Wameondoka asubuhi. Bibi atabaki Romblon kwa mdogo wake, Cora mwenyewe kaamua. Nimemchana mara ya mwisho, polepole. Ameniambia Bonbon nivae kandambili, mchanga unaunguza.
Kinu hakikuingia sandukuni. Cora akaniambia nichukue. Nikasema hapana, asante. Akasema chukua. Nikasema kizito. Akanitazama, akatabasamu, akasema tena. Nikachukua. Kwenye basi nimekipakata.
Nilipofika nyumbani nimempigia mama. Kule Tanga jua limeshazama. Nije? Usijisumbue. Nikauliza tena. Akasema nauli. Nikauliza tena.
Nikasikia redio ya jirani. Halafu akasema godoro la chumbani kwangu huwa analianika kila Ijumaa.