Jogoo wa Mjomba katika Jiko la Bibi

Mutuini, Dagoretti,
Nairobi.

Dada yangu Wakesho,

Pokea shikamoo yangu, na ya baba na mama uwafikishie. Je, mvua imewafikia huko milimani? Magoti ya mama yanasemaje, na kitinda mimba wako amepona kile kikohozi? Mimi mwili ni mzima. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya, lakini wangu nadhani ulipitwa siku ya kugawiwa, na sasa haya zote zimenirudia kwa mkupuo.

Umeona hapo juu nimeandika Mutuini na si Spring Valley kama siku zote. Hujakosea kusoma. Hapa ndipo ninapolala, na ndipo nilipolala miaka hii yote sita. Ni chumba kimoja cha mabati katika ploti ya mzee aliyeng'oa majani ya ng'ombe wake akajenga vyumba vya kupangisha. Mvua ikinyesha viatu navibeba mkononi hadi barabarani, na choo tunatumia majirani wote. Spring Valley naenda kufanya kazi. Mimi si meneja wa nyumba kama nilivyomwandikia baba. Mimi ni mpishi wa familia ya Wahindi, tena mpishi mzuri, ila hilo sikuwahi kuliandika.

Uongo wenyewe haukuanza mkubwa. Nilitumia sanduku la posta la tajiri wangu, nikaweka na jina la mtaa kwa kuwa lilipendeza. Halafu nikatuma ile picha nimesimama barazani, nguzo nyeupe nyuma yangu. Baba akajibu kwamba ameitundika sebuleni na kila mgeni anaonyeshwa nyumba ya Mwadime. Ningeweza kumrekebisha kwa mstari mmoja tu. Nilinyamaza kwa sababu nilimpenda yule mtu wa ukutani kuliko mimi mwenyewe. Nakwambia ukweli, dada, nilimpenda sana.

Sasa nikueleze habari ya Mjomba Mghanga, maana yeye amekwisha kuwasimulia yake, na najua aliisimulia kwa mbwembwe. Alipokuja kutibiwa macho alinitumia ujumbe kwa mkono wa mtu kwamba Jumamosi lazima aione nyumba, nimchukue posta. Mjomba hana simu, kwa hiyo sikuwa na njia ya kumkwepa. Ikatokea kwamba Jumamosi hiyo hiyo tajiri, mkewe, watoto na Bibi, yaani mama mzazi wa tajiri, walikuwa wanakwenda harusini Nakuru. Nikaona bahati imenijia miguuni. Nikapatana na Musyoka, askari wa getini.

"Kumbe leo wewe ndio mdosi?" alicheka. "Sawa, boss, nitakupigia saluti. Lakini wakirudi ghafla, mimi sikujui."

Asubuhi gari limeshawashwa, Bibi amevaa sari yake ya harusi, mgongo ukamkamata. Akawaambia waende tu, yeye atabaki kulala. Wakati huo Mjomba alikuwa ananingoja mjini nje ya posta. Mtu mwenye akili angekwenda kumwambia safari imevunjika. Mimi nilikwenda kumchukua.

Alikuja na kikapu, na kichwa cha jogoo kimechomoza kando ya kifuniko. Alipofika barazani akasimama. Unajua ujanani alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja, maeneo yale yale. Nililokuwa silijui ni kwamba miaka yote minne ya kazi ile hakuwahi kupita mlango wa mbele. Aliniambia hapo hapo akivua viatu, ingawa sikumwambia avue. "Leo naingilia mbele, mwanangu," akasema, na yale macho yake mabovu yakatoka machozi. Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Nilimshika mkono nikamkaribisha ndani.

Halafu jogoo. Wewe mila unaijua: jogoo aliyebebwa na mjomba kwenda kwa mpwa wake hupikwa yeye akiwapo, na yeye ndiye huonja wa kwanza. Nikamwambia tumwache kwanza, nitampika jioni.

"Unataka nikawaambie mama zako kwamba jogoo wao nimemwacha amefungwa mguu?" akaniuliza. "Nyumba yako, jiko lako, kuna nini?"

Kuna nini! Hawa watu hawatii nyama kinywani, dada. Hata yai haliingii jikoni mle. Pembeni kuna rafu ya mungu wao, na kila asubuhi Bibi huchemsha maziwa na kuweka kidogo hapo kabla mtu yeyote hajanywa chai. Miaka sita nimeliheshimu jiko lile. Lakini mwenye nyumba hakatazwi kitu jikoni mwake, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwenye nyumba. Nilimchinja nyuma, karibu na bomba. Sufuria iliyomtosha ilikuwa moja tu, ile ya maziwa ya Bibi. Nikaichukua.

Tulikuwa mezani Bibi alipotokea. Nadhani harufu ndiyo iliyomwamsha. Mjomba akainuka kwa heshima, akaniuliza kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Na huyu mama?"

"Ni mpangaji wangu, mjomba," nikasema. "Nimempa chumba cha nyuma."

Hata akili ya kusema kwa Kitaita sikuwa nayo. Bibi amezaliwa Nairobi hii hii, Kiswahili kwake si kigeni.

Mjomba alicheka kwa furaha hadi akashika kiti. "Usiudhike, mama, lakini dunia imegeuka! Zamani sisi ndio tuliokuwa tunapanga kwenu."

Bibi alinitazama. Akaitazama sahani, akaitazama na sufuria. Kisha akamgeukia Mjomba. "Karibu, mzee. Kula pole pole. Hii mwenye nyumba iko mtu mzuri, hapana sumbua mimi." Akarudi chumbani akijishika ukutani kwa ajili ya ule mgongo.

Hiyo ndiyo sifa aliyowaletea Mjomba, kwamba hata Mhindi wangu ananisifu.

Nilipotoka kumsindikiza nilimkuta Bibi jikoni. Akaniuliza, "Mgeni ameshiba?" Nikamjibu ameshiba. "Basi hiyo sufuria peleka kwako," akasema. Tangu siku ile hajala chakula cha mkono wangu. Anajipikia wali na dengu katika kisufuria kipya, mikono inamtetemeka, na juzi amejiunguza. Mwanawe alipomuuliza, alimwambia amechoka na mapishi ya mpishi, anataka kupika kama zamani. Hakunisema. Mimi nasimama kando yake nikikata vitunguu vya wengine. Angenifukuza ningeona nafuu.

Siku ya nne nikamwomba msamaha. Aliendelea kuchambua mchele wake.

"Kuitwa mpangaji si kitu," akasema. "Mume yangu alipanga chumba moja River Road, watoto nne, choo moja na watu mingi. Sufuria ni kosa, hiyo mungu ataona. Lakini wewe ulikuwa naona haya ya nini? Ya kupikia mimi? Mimi nakula mkono yako miaka sita. Mimi sikuona haya."

Nikarudi kwenye vitunguu vyangu, dada.

Ningeweza kuumeza uchungu huu nikae nao peke yangu, lakini jana nimepata barua ya baba. Anasema mwisho wa mwezi mama anapanda basi kuja kwangu kutibiwa magoti, akae miezi mitatu. Na anasema, kwa kuwa chumba cha nyuma hakina ngazi, nimwambie yule Mhindi ahame, mama apate nafasi. Barua hiyo niliisoma nimeketi kitandani, miguu yangu imegusa jiko la mafuta ya taa, maana chumba changu kinaishia hapo. Nilipata aibu ambayo sijui jina lake.

Mama asipande basi akidhani anakwenda Spring Valley. Akitaka kuja kwangu aje, kitanda nitamwachia na mimi nitalala chini. Lakini choo kiko bondeni na njia ni tope, na kwa magoti yale nadhani heri tuulize kwanza daktari wa Voi. Aamue mwenyewe, akijua.

Nisalimie shemeji, mwambie lile koti lake bado nalivaa. Msalimu shangazi anayeuza mboga sokoni, na mwalimu wangu wa katekisimu kama angali hai. Watoto wako wabusu mmoja mmoja.

Nilitaka kukuomba barua hii uisome peke yako, halafu uwaeleze wazee kwa upole. Nimebadili mawazo. Barua zangu zote za uongo umezisomea sebuleni, majirani wamejaa na Mjomba akiitikia. Hii nayo isome hapo hapo, mbele ya watu wale wale. Ukifika pale nilipomwita Bibi mpangaji wangu, usipunguze sauti. Na Mjomba akiinuka kutaka kutoka, mwambie nimemwomba akae, asikie mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Mwadime